Kobu: farasi wa umbo, si wa mbegu

Wiki chache zilizopita shemeji yangu wa Tanga alinitumia video fupi kwenye simu. Farasi mnene, mweusi kwa mabaka meupe, anakuja mchakamchaka barabarani akivuta kigari cha magurudumu mawili. Miguu yake huioni vizuri, maana kuanzia chini ya magoti hadi kwato imefunikwa na manyoya marefu yanayoruka kila anapokanyaga, kama amevaa suruali ya bugaluu. "Shemeji," akaandika, "huyu ni farasi kamili au wamemchanganya na punda milia?"

Ninaishi kaskazini mwa Uingereza, na farasi wa namna hiyo nawaona karibu kila wiki. Nikamjibu kwamba ni farasi kamili, na kwamba huku wanamwita kobu. Nilidhani nimemaliza, kumbe nimefungua mfereji. Kwa hiyo kobu ni farasi wa mabaka? Ni mbegu ya wapi? Na mbona akiitafuta picha ya kobu inamjia ya swala?

La swala ni jepesi. Yule kobu aliyesimama upande mmoja wa ngao katika nembo ya taifa ya Uganda, na korongo mwenye taji upande wa pili, ni swala wa mbugani na hana undugu wowote na farasi. Majina yamegongana, basi. Haya mengine yanahitaji maelezo marefu kidogo, na hata Waingereza wenyewe huyachanganya.

Tuanze na neno mbegu. Mfugaji akikuambia ng'ombe wake ni wa mbegu ya Friziani, anazungumzia nasaba: baba alikuwa Friziani, mama Friziani, na penye utaratibu mzuri kuna daftari linaloandika vizazi. Kobu, kwa maana yake ya asili, si hivyo. Ni jina la umbo na kazi. Farasi yeyote mfupi, mnene, mwenye miguu mifupi yenye mifupa mizito na tabia ya utulivu anaweza kuitwa kobu, hata kama hakuna anayemjua baba yake.

Fikiria neno pikapu. Hakuna kampuni inayoitwa Pikapu. Toyota anatengeneza pikapu, Nissan anatengeneza, Ford anatengeneza, na wewe unaitambua kwa bodi iliyo wazi nyuma, hata kama hujasoma jina lililobandikwa mbele. Kobu ni pikapu ya farasi. Sasa mambo yanachanganyika kwa sababu baadhi ya watu wamechukua neno hilo la umbo wakalifanya sehemu ya jina la mbegu yao: kuna Kobu wa Wales, kuna Kobu wa Normandy. Ni kinyume cha yaliyotokea kwetu kwa neno Fuso, ambalo lilianza kama jina la mtengenezaji mmoja, leo Tanzania watu wanaita Fuso karibu lori lolote la ukubwa ule. Fuso limetoka kwenye ukoo likaenda kwenye umbo. Kobu limetoka kwenye umbo likaingia kwenye ukoo. Ukilishika hilo, nusu ya mkanganyiko imeisha.

Sasa umbo lenyewe. Urefu wa farasi huku hupimwa kwa viganja, na kipimo hiki kinawapoteza wageni wengi. Sisi tuna shubiri, yaani mkono umetanuliwa kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Hiki si hicho. Kiganja cha wapanda farasi ni upana wa mkono uliofungwa pamoja na gumba, na kimewekwa kuwa inchi 4 kamili, yaani sentimita 10 na kidogo. Hawapimi kichwa, wanapima hadi kwenye nundu ndogo pale shingo inapokutana na mgongo, kwa sababu kichwa hupanda na kushuka lakini nundu haiendi popote. Na ile nukta si ya desimali. Ukisoma 15.1, ni viganja 15 na inchi 1. Ndiyo maana baada ya 15.3 inakuja 16.

Katika maonyesho ya Uingereza, madaraja ya kawaida ya kobu ni ya farasi waliozidi sentimita 148 lakini hawajapita 155. Mgongo wake, kwa hiyo, unafika kwenye kidevu au pua ya mtu wa kimo cha kawaida. Waliozidi 155 wana daraja lao. Chini ya kimo hicho cha 148 hivi ndipo watu huanza kusema poni, na hapa niseme kabisa: poni si mtoto wa farasi. Ni farasi mzima wa kimo kidogo. Poni wa miaka 20 ni mzee na ataendelea kuwa poni.

Kobu akisimama mbele yako, kinachokujaa machoni ni kiwiliwili. Kifua kipana, mbavu zimetuna kama pipa, mgongo mfupi, makalio ya mviringo yaliyogawanyika katikati kama tofaa, shingo nene iliyopinda juu. Kichwa kinatakiwa kiwe kizuri na kidogo kwa mwili ule. Wapanda farasi wa Kiingereza wana msemo wa zamani kwamba kobu awe na kichwa cha bibi wa nyumba kubwa na makalio ya mpishi wake. Chini, kati ya goti na kifundo, kuna mfupa mfupi na mnene ambao wajuzi huuzungushia utepe kuupima. Kwa kobu mzito mzunguko huo huwa sentimita 22 au 23.

Umbo hilo lina sababu. Fundi seremala anajua kwamba boriti fupi haipindi upesi kama ndefu ya unene uleule. Mgongo wa farasi ni boriti iliyolazwa juu ya nguzo nne, na mgongo mfupi wa kobu hubeba mzigo kwa raha kuliko mgongo mrefu wa farasi wa mashindano. Miguu mifupi inaushusha uzito karibu na ardhi. Kwa mbio za kilomita mbili hana lolote mbele ya farasi mwembamba wa Kiarabu au wa mashindano. Lakini mpe kazi ya kutwa, mwendo wa mchakamchaka, kupanda na kushuka vilima, jioni utamkuta bado yupo.

Hapa ndipo lile neno letu la nguvu za farasi linaponifikirisha. Kila mwenye pampu ya maji au jenereta analijua, wengi bila kumgusa farasi maishani. James Watt alilitumia katika karne ya 18 kuwauzia injini za mvuke watu waliozoea farasi wa kazi, na nguvu moja ya farasi ni wati 746 hivi. Si uwezo wa farasi akivuta kwa hasira dakika moja, kwa sababu kwa muda mfupi farasi anaweza kuuzidi mara nyingi. Ni kipimo cha kazi ya kuendelea, saa baada ya saa. Farasi wa mizigo, wa maziwa, wa mkate, wa daktari wa kijijini: kazi yao ilikuwa ya namna hiyo, na kobu alikuwa mmoja wao.

Wales ndiko ninakopenda kukuelezea zaidi. Mkulima mdogo wa milimani hakuwa na uwezo wa kuweka farasi wa kulima, farasi wa kupanda na farasi wa gari. Alikuwa na mmoja. Huyohuyo alivuta jembe, akapeleka kondoo sokoni, na Jumapili akaifikisha familia kanisani. Asiyeweza yote hayo hakupewa nafasi ya kuzaa. Kabla madume hayajaanza kupewa leseni rasmi ya kuzalisha, yalijulikana kwa kupimwa njiani, na kipimo kinachosimuliwa hadi leo ni kwenda mchakamchaka kutoka Cardiff hadi Dowlais, njia ya kupanda, chini ya saa tatu. Chama cha Poni na Kobu wa Wales kilianzishwa mwaka 1901, na daftari lake lina sehemu nne, A hadi D. Sehemu D ndiyo ya Kobu wa Wales kamili, aliyezidi viganja 13.2, bila kikomo cha juu. Sehemu C ni poni mwenye umbo la kobu, asiyezidi hapo.

Kila Julai, kwenye maonyesho ya kilimo pale Llanelwedd, Wales, madume ya Sehemu D hutolewa uwanjani, na watu waliojaa jukwaani hupiga kelele kama kwenye mechi ya watani wa jadi. Farasi hana mpandaji. Kuna mtu ameshika kamba, anakimbia kando yake kwa nguvu zake zote, na farasi anarusha miguu ya mbele mbali kana kwamba ardhi inamchoma. Asiyemjua kobu, akiona hivyo, ataacha kusema kwamba unene ni uzembe.

Na sasa jibu la swali la mabaka. Daftari la Wales linakubali rangi zote isipokuwa zile za mabaka makubwa, meusi na meupe au ya kahawia na meupe. Yaani kobu maarufu kuliko wote hatakiwi kabisa kuwa na rangi ambayo watu wengi wanadhani ndiyo alama ya kobu! Mabaka ni rangi tu, hurithiwa kutoka kwa mzazi kama ilivyo kwa mbuzi au paka, na hayahusiani na punda milia. Punda milia ana michirizi, na akizaliana na farasi mtoto huonyesha michirizi hiyo na kwa kawaida hazai.

Yule wa kwenye video ya shemeji ni wa watu wengine: Waroma wa Uingereza, ndio hao wanaoitwa Gypsy, na Wasafiri wa Ireland, jamii mbili za kuhamahama. Katika karne ya 19 wengi wao walianza kuishi ndani ya magari ya mbao yaliyochongwa na kupakwa rangi kwa ustadi mkubwa, nyumba kamili juu ya magurudumu. Farasi wa kuvuta nyumba lazima awe na sifa zake. Asikimbie ovyo, kwa sababu ndani kuna vyombo na mtoto mchanga. Ashibe kwa majani ya kando ya barabara. Na asiwe na teke, kwa kuwa watoto watacheza katikati ya miguu yake. Kwa kuchagua vizazi na vizazi, wakichanganya damu ya farasi wakubwa wa mizigo wa Uingereza na Scotland pamoja na poni imara wa vilima vya kaskazini, walimpata farasi huyu, na hasa baada ya Vita Kuu ya Pili wakaupenda wingi wa manyoya na mabaka. Walifanya hivyo bila ofisi wala daftari. Nasaba zilikuwa vichwani mwa wazee, na hilo mimi naliheshimu sana, maana watu hawa wamedharauliwa mno huku, ilhali kazi ya mikono yao sasa inauzwa dunia nzima.

Mwanzoni mwa Juni watu hawa hukusanyika katika mji wa Appleby, huko Cumbria, kaskazini mwa Uingereza. Vijana huwaingiza farasi mtoni Eden bila tandiko, maji yanafika kifuani, wanawasugua kwa sabuni, kisha wanawatoa na kuwakimbiza barabarani wanunuzi waone mwendo. Farasi huyohuyo anaitwa Gypsy Cob Uingereza, Irish Cob akisajiliwa Ireland, Tinker akifika Ujerumani na Uholanzi, na Marekani, alikoanza kupelekwa na kusajiliwa mwaka 1996, wanamwita Gypsy Vanner. Ni kama viazi mbatata, viazi ulaya na viazi mviringo: ukifika jikoni ni kitu kilekile.

Wa Normandy, Ufaransa, nimtaje kwa ufupi: ni farasi wa gari, mkubwa kidogo kuliko hawa, na Wafaransa waliliazima jina kwa Waingereza kwa sababu alifanana na kobu wao. Zamani mkia wake ulikatwa, kama ulivyokatwa wa kobu wa Uingereza, mfupa na yote. Uingereza ilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria ya mwaka 1949, Ufaransa mwaka 1996. Kinachobaki maonyeshoni leo ni kunyoa nywele za shingo hadi zibaki fupi kama upara, ambako hakumuumizi.

Kuna neno lingine linalopotosha: damu baridi. Wapanda farasi hugawa farasi kuwa wa damu moto, kama farasi wa Kiarabu, na wa damu baridi, kama wale wakubwa wa mizigo, na kobu huwekwa upande huo wa pili au katikati. Damu yao haina tofauti ya joto. Weka kipima joto kwa farasi yeyote mzima mwenye afya, utasoma nyuzi 38 hivi za Selsiasi. Ni usemi wa tabia, kama sisi tunavyosema fulani ana damu ya moto.

Tabia hiyo nimeiona kwa karibu. Mpwa wangu ana miaka tisa na miguu yake haimtii vizuri tangu kuzaliwa. Kila Jumatano tunampeleka kwenye uwanja wa farasi wa watoto wenye ulemavu. Uingereza ina chama cha kitaifa cha shughuli hiyo tangu mwaka 1969. Anapandishwa kwenye jukwaa lenye mteremko, kiti chake cha magurudumu kinasogezwa hadi ubavuni mwa farasi, na watu wawili wanamhamisha. Inachukua dakika kadhaa. Siku ya kwanza mguu wake mmoja ulikakamaa ukampiga kobu shingoni, puh! Farasi akageuza sikio moja nyuma, akalirudisha. Hakusogea hata hatua. Kisha wanatembea, mtu mmoja mbele na wawili pembeni, na mgongo ule mpana unamtikisa nyonga kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa namna inayokaribia sana nyonga za mtu anayetembea kwa miguu yake. Mwili wake unafundishwa mwendo ambao haujawahi kuufanya. Nikimwangalia pale juu nakosa la kusema.

Kwa sababu ya unene wake, wengi wanaamini kobu anaweza kubeba mtu yeyote. Si kweli. Mwongozo unaotumiwa sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko asizidi sehemu moja ya tano ya uzito wa farasi, na wengi wanashauri iwe chini ya hapo. Kobu wa kilo 550, basi, asibebeshwe zaidi ya 110, na tandiko peke yake linaweza kula kilo kumi. Tena hesabu hiyo inataka uzito wa farasi mwenye afya. Kobu aliyenenepa kilo 50 kupita kiasi hajaongeza nguvu; tayari amebebeshwa mfuko wa saruji kabla hujapanda.

Kwetu Afrika Mashariki sijawahi kumwona kobu mwenye manyoya. Mbung'o na nagana, pamoja na ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, vimefanya farasi wa namna yoyote awe mgumu kumfuga sehemu kubwa ya nchi zetu. Wanaokimbia kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, ni wa mbegu nyembamba ya mashindano. Na yale manyoya ya miguuni, hata huku kwenye baridi, ni mzigo. Mtunzaji wa pale uwanjani alinionyesha baada ya wiki ya mvua: alipiga magoti, akayachambua kwa vidole mpaka ngozi ikaonekana, nyekundu, na magaga yaliyoshikana na tope. Chini ya manyoya hujificha utitiri unaowasha, na mtu asipopeleka mkono hatajua, kwa sababu kwa juu yanapendeza tu. Kobu anayepigapiga mguu chini mara kwa mara hana kiburi, anawashwa.

Lakini kinachowaumiza zaidi ni chakula. Mwili wa kobu umejengwa kuishi kwa majani duni ya milimani na kando ya njia. Ukimweka kwenye konde la nyasi nono za kijani, sukari inamzidi, homoni ya insulini inapanda, na madhara yanatokea mahali usipotarajia: kwatoni. Ndani ya kwato kuna mfupa, na umeshikiliwa kwenye ukuta wa kwato na tishu laini zilizopangana kama kurasa, mfano wa ukucha wako ulivyoshikamana na nyama. Tishu hizo zikiharibika zinaachia. Mfupa unaanza kushuka au kupinda kwa uzito wa mwili mzima, na farasi anasimama ameegemea nyuma, hataki kukanyaga. Ugonjwa huo unaitwa laminaitisi, na ukizidi wengine hulazimika kuuawa.

Kwa hiyo mtunzaji alinifundisha kupima kwa mkono. Kunja ngumi, pitisha vidole vya mkono mwingine juu ya vifundo: mbavu za farasi zikiguswa hivyo, amekonda. Nyoosha mkono, pitisha vidole mgongoni mwa kiganja, unaihisi mifupa lakini haichomozi: hapo ndipo. Geuza, bonyeza nyama ya chini ya kidole gumba: zikiguswa hivyo, au zisipoguswa kabisa, amezidi. Nilibonyeza ubavu wa yule kobu wa mabaka niliyekuwa nikimsifu kwa afya yake. Ilikuwa nyama ya gumba.

Tangu wakati huo, majira ya huku ya nyasi kuchipua yakiingia, anafungwa kitu kama kikapu mdomoni kabla ya kuachiwa kondeni. Wapita njia husimama kwenye ua na kulalamika kwamba farasi anateswa kwa njaa. Kikapu kina tundu chini. Ananywa maji, anapumua, na kila anapong'ata kupitia lile tundu anapata majani machache tu badala ya bumba zima. Jioni mpwa wangu, kama tupo, anapewa kazi ya kufungua mkanda. Kobu anainamisha kichwa hadi usawa wa kiti cha magurudumu, anangoja, na kikapu kinapotoka anamwachia mtoto ute wa kijani kwenye mkono wa koti.